Bomba la kijiji limezeeka: nani alipe nini, na mwezi gani

Mimi ni mhasibu wa chombo cha maji katika kijiji kimoja cha Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, ambako watu wanaishi mlimani na maji yako bondeni. Nawaandikia wanakamati wenzangu wa Mtwara na Lindi ambao mabomba yao yamechoka, fundi anaitwa kila wiki, na kila mkutano unaishia kwa azimio lile lile la kuandika barua ya kuomba mradi mpya. Barua ya namna hiyo naijua. Inasema kijiji kina shida ya maji, inaomba msaada, inapigwa mhuri, inapelekwa wilayani na kuungana na nyingine zinazosema maneno hayo hayo.

Ushauri wangu ni kwamba msiombe mradi. Gaweni mfumo wenu vipande, mjue kila kipande kina hali gani, kisha kila kipande kitafutiwe mlipaji anayekifaa. Pampu ina mlipaji wake, bomba linalopandisha maji mlimani lina wake, mtandao wa kijijini una wake, na vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, vina wake. Mkichanganya yote mnapata hesabu kubwa inayomtisha kila mtu, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji hadi meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini.

Swali litakaloulizwa kwanza

Kwenye mkutano atasimama mzee na kusema, "Mwanangu, maji haya tulipewa bure. Leo mnatuchangisha nini?" Msimkatize, wala asiambiwe kwamba mambo yamebadilika halafu akaachwa asimame hivyo hivyo. Anasema kweli. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani ifikapo 1991. Huku kwetu Finland ndiyo iliyofadhili kazi za maji za Mtwara na Lindi, kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Visima vilichimbwa, mabomba yakalazwa, na mwananchi hakudaiwa kitu.

Kilichofuata mzee pia anakijua. Spea zilipoadimika, mitambo ilisimama. Sera ya Maji ya 2002 ikaweka uendeshaji wa miradi ya vijijini mikononi mwa watumiaji wenyewe. Sheria Na. 5 ya 2019 ikaunda RUWASA, na vyombo vyetu vya watoa huduma ngazi ya jamii, hivi tunavyoviita CBWSO, vikachukua nafasi ya zile jumuiya za watumia maji za zamani. Kwa hiyo jibu langu kwa mzee huwa hivi: "Babu, lile ulilopewa bure tumelitumia mpaka limeisha. Hela unayolipa kwenye ndoo inanunua umeme wa kupandisha maji. Haijawahi kununua bomba, na sasa bomba lenyewe ndilo linalodai." Wazee wengi wakielezwa kwa heshima namna hiyo wanakuwa wa kwanza kuunga mkono, maana wao ndio wanaokumbuka kushuka bondeni usiku na kupandisha na ndoo kichwani alfajiri.

Tembeeni na bomba

Kabla ya kuzungumza hela, tembeeni na bomba kutoka kwenye chanzo mpaka kilula cha mwisho. Awepo fundi wa chombo, mjumbe wa kila kitongoji, na mzee mmoja aliyekuwepo bomba likilazwa, kwa sababu ramani nyingi zimepotea na njia ya bomba iko kichwani mwake. Chukueni daftari. Kila mahali penye kiraka, penye majani mabichi wakati wa kiangazi, penye chemba isiyo na mfuniko, paandikwe, na hatua zihesabiwe kutoka alama ya mwisho.

Kisha fukueni. Msiridhike na kuona unyevu juu ya ardhi. Sisi tulifukua sehemu iliyokuwa inapasuka mara kwa mara na kukuta bomba la chuma la inchi tatu limefungwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kiraka juu ya kiraka, kamba ya mpira imekazwa mpaka imekatika. Fundi akakata kipande kifupi. Ndani kutu ilikuwa imejijenga vinundu vinundu, imeota kuelekea katikati, na njia ya maji iliyobaki ilikuwa nyembamba kiasi kwamba vidole viwili havipiti. Kile kipande tulikiweka juu ya meza siku ya mkutano wa kijiji, kikapita mkono kwa mkono. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini kitongoji cha mwisho hakipati maji wakati pampu inafanya kazi. Fanyeni hivyo nanyi. Kipande cha bomba kinaeleweka hata kwa mtu asiyesoma ripoti.

Baada ya kutembea, andikeni hali ya kila kipande kwa kifupi: pampu na mota, bomba la kupandisha, tangi, mtandao wa kusambaza, vilula na dira, yaani mita za maji. Kwa kila kimoja semeni kimewekwa lini kama mnajua, kinaharibika mara ngapi, na kikisimama ni watu wangapi wanakosa maji. Ukurasa mmoja unatosha.

Hesabu ya maji yanayopotea

Hapa ndipo penye nguvu ya hoja yenu yote, kwa hiyo msipaharakishe.

Mnahitaji dira moja pale maji yanapotoka tangini, na dira kwenye kila kilula. Kama dira kuu haipo, hiyo ndiyo iwe manunuzi yenu ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Someni zote siku moja, mzisome tena baada ya mwezi. Tuseme dira kuu imetoa uniti 1,500 na vilula vyote kwa pamoja vimeuza uniti 820. Zilizopotea ni 680, yaani asilimia 45. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20.

Wengi wanachukua hizo 680 na kuzizidisha kwa bei ya kuuzia. Kama ndoo ni shilingi 40, uniti ni shilingi 2,000, na hasara inakuja shilingi 1,360,000 kwa mwezi. Namba hiyo inapendeza mkutanoni lakini mtaalamu wa RUWASA ataikata papo hapo, naye atakuwa sahihi. Maji yale yasingepotea, je, yangepata mnunuzi? Januari mpaka Aprili kila nyumba yenye bati inakinga mvua, na huku uwandani wengi wana visima vya saruji uani vya kuhifadhia maji hayo. Miezi hiyo maji yanayopotea yanawagharimu umeme tu. Kuanzia Agosti hadi Novemba ndoo zinapanga foleni, na hapo kila ndoo iliyopotea ni ndoo ambayo ingeuzwa. Kwa hiyo fanyeni hesabu mbili.

Ya umeme inafanyika hivi. Kupandisha uniti moja ya maji kwenda juu mita 100 kunahitaji kama robo ya uniti ya umeme na ziada kidogo, 0.27, kama mashine isingepoteza nguvu hata kidogo. Pampu na mota iliyotumika miaka mingi mara nyingi inapoteza nusu. Kwa mwinuko wa mita 200, basi, kila uniti ya maji inakula umeme wa uniti 1.1 hivi. Mkichukua umeme kwa shilingi 350, ambayo iko karibu na anacholipa mteja wa kawaida wa LUKU akijumlisha kodi na tozo, maji 680 yaliyopotea yamekula shilingi 261,800 kwa mwezi. Hiyo ni hela taslimu iliyokwenda TANESCO ili kulowesha mchanga. Wekeni mwinuko wenu wenyewe na bili yenu wenyewe. Kama pampu yenu ina mita ya umeme ya peke yake, gaweni umeme wa mwezi kwa uniti za maji zilizopandishwa, mtapata namba ya kweli kuliko hii yangu.

Kisha tafuteni hasara iko wapi. Usiku vilula vikiwa vimefungwa, kaeni kwenye dira kuu na tochi. Sindano ikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali. Fungeni valvu ya kitongoji kimoja, tazameni. Fungeni ya pili, tazameni. Itakapopunguza kasi ghafla, kipande kibovu mmekipata. Mara nyingi hasara haijaenea mfumo mzima, imekaa kwenye kipande kimoja au viwili, na hiyo inaweza kugeuza gharama yenu kutoka kwenye mabilioni mliyokuwa mnayasikia hadi kwenye mamilioni mnayoweza kuyapanga.

Kila kipande na mlipaji wake

Pampu na mota ni vya kulipwa na ndoo. Vinachakaa kwa miaka michache, vinajulikana vitachakaa, na kila anayechota ndiye anayevichakaza. Kuchangisha watu kila mota inapoungua ni kuwachosha bure.

Bomba la kupandisha ni la serikali. Linabeba mgandamizo mkubwa, linahitaji usanifu wa mhandisi, na mara nyingi linahudumia zaidi ya kijiji kimoja. Msijaribu kulichangia kwa korosho, mtachanga misimu mitatu na halitakamilika. Vijiji vya Newala, Tandahimba na Nanyamba vinavyotegemea mradi mkubwa wa Makonde, ule unaochukua maji Mitema, vina njia nyingine tena: ukarabati wa mradi huo uko ndani ya mpango wa miji 28 unaofadhiliwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Ulizeni kwanza mpango huo unaishia wapi, msije mkalaza bomba lenu sambamba na jipya linalokuja.

Mtandao wa kusambaza ndani ya kijiji ndio wa kuchangia wenyewe, kwa hela na kwa jembe, na kuomba serikali ijazie. Hapa wananchi wanaona bomba likipita mbele ya nyumba zao, na hakuna kinachorahisisha mchango kama hicho. Vilula na dira ni vitu vidogo vinavyokamilika haraka, kwa hiyo vinafaa kuombewa Mfuko wa Jimbo au mapato ya ndani ya halmashauri. Wenye mfuko wa namna hiyo wanapenda kitu kinachoonekana kabla mwaka haujaisha.

Korosho

Huku kwetu hela ya mwaka inaingia mara moja, na inaingia kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Kumpitia mtu nyumbani mwezi wa nne kumwomba mchango ni kumwaibisha, kwani hana. Mchango wa maana uchukuliwe mnadani, kwa makato ya kila kilo.

Mfano: kijiji kina kaya 400 na kinauza tani 400. Shilingi 30 kwa kilo inatoa milioni 12, bila mtu kuzunguka na daftari. Lakini makato haya yana utaratibu wake, na ukikosewa ndipo ugomvi unapoanzia. Mkutano mkuu wa kijiji uamue, na muhtasari uandikwe ukitaja kiasi ni gani, msimu ni upi, kazi ni ipi, na makato yanaisha lini. Muhtasari huo upelekwe kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, kwa sababu serikali ya kijiji haina mamlaka ya kukata hela ya mwanachama wa ushirika. Angalieni pia mipaka. AMCOS moja inaweza kuhudumia vijiji viwili au vitatu, na mkulima wa kijiji jirani hatakubali kulipia bomba lisilofika kwake. Karani awe na orodha ya wakulima wa kijiji chenu peke yao.

Makato lazima yaingie kwenye mjengeko wa bei, ile orodha ya makato yanayotolewa kwenye bei ya kilo, kabla ya mnada wa kwanza. Minada inaanza Oktoba. Ukipeleka muhtasari wiki ya mnada umechelewa. Mkutano wa kijiji ufanyike Julai au Agosti, AMCOS ikae kabla Septemba haijaisha, na chama kikuu, TANECU kwa upande wetu, kipate barua mapema. Mkulima akipokea malipo benki, akaona kwenye karatasi mstari unaosema "maji" na kiasi kile kile alichokipigia mkono, hatauliza. Akiona mstari asioujua, msimu ujao hamtapata hata shilingi tano.

Wekeni kikomo. Mwenye tani moja anatoa 30,000. Mwenye tani kumi anatoa 300,000, na maji anayochota hayazidi ya jirani yake mara kumi. Bila kikomo huyo ataanza kuuza korosho zake kwa jina la ndugu wa kijiji kingine, au atauza kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada. Kikomo cha laki moja kwa kaya kinatunza amani, ingawa kinapunguza mapato, basi hesabuni hivyo tangu mwanzo. Na wasio na korosho, kina mama wauza vitumbua, walimu, wenye maduka, vijana wa bodaboda, wapangiwe kiwango chao cha moja kwa moja, chenye stakabadhi. Mjane na mzee asiye na mtu wasamehewe kwa majina, mkutanoni, hadharani, ili isije ikasemwa kuna aliyesamehewa kwa undugu.

Hela hiyo ikae akaunti ya peke yake. Isichanganywe na ya bili hata kwa siku moja. Watia saini wawe watatu, na salio lisomwe kila mkutano wa kijiji wa robo mwaka. Nasisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu nimeona vijiji vyenye uwezo kuliko chetu vikishindwa kuchanga tena baada ya mchango wa zahanati kupotea bila maelezo. Watu walikuwa na hela, walichokosa ni imani.

Serikalini, na kalenda yao

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Bajeti ya mwaka huo inaanza kuandaliwa wilayani miezi mingi kabla, Novemba mpaka Januari ndio wakati wake, na Bunge linaikalia Aprili hadi Juni. Barua inayofika mwezi Mei imekosa gari. Pelekeni maombi Novemba, wakati makato ya korosho yanaingia na mna salio la kuonyesha.

Kichwa cha barua kitaje kipande, kwa mfano: maombi ya fedha za kukamilisha ubadilishaji wa mita 3,000 za mtandao. Viambatanisho viwe ule ukurasa wa hali ya mfumo, usomaji wa dira wa miezi mitatu, muhtasari wa mkutano, taarifa ya benki, na mgawanyo wa gharama. Mgawanyo wa mfano wangu, wa kazi ya milioni 48, ungesomeka hivi: korosho milioni 12; michango ya wasio na korosho milioni 1.5, kuchimba mtaro kwa nguvu za wananchi milioni 4.5, akiba ya chombo milioni 3, Mfuko wa Jimbo na halmashauri milioni 5. Jumla milioni 26. RUWASA inaombwa 22. Meneja wa wilaya akiona kijiji kimebeba zaidi ya nusu, na dira zimesomwa, ana kitu cha kutetea mkoani. Mnamrahisishia kazi.

Ile milioni 4.5 ya mtaro si ya kubuni. Ulizeni RUWASA au fundi mkandarasi anachimba mita moja kwa bei gani katika udongo wenu. Mimi hapa nimeweka 1,500, maana udongo wa uwandani ni mchanga, jembe linaingia. Mita 3,000 kwa kaya 400 ni mita saba na nusu kwa kaya. Jasho hilo liwe na bei kwenye karatasi, likiachwa nje litachukuliwa kuwa halipo.

Nakala ipitie Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa diwani. Mumkumbushe diwani kwamba halmashauri inachukua ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho zile zile zenu, kwa hiyo kuomba sehemu irudi kama bomba ni jambo la haki kabisa. Walioko Mtwara Vijijini au Kilwa wana hoja ya pili, kwani halmashauri zenye gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo zinapata ushuru wa huduma. Na upo Mfuko wa Taifa wa Maji, unaojazwa na shilingi 50 za kila lita ya petroli na dizeli. Kijiji hakiuombi moja kwa moja, maombi yanapita RUWASA, lakini ni vizuri wananchi wajue kwamba kila anayejaza bodaboda amekwisha kuuchangia.

Mkopo

Nina msimamo hapa. Bomba la kufukiwa ardhini msilikopee. Kitu cha kukopea ni kile kinacholeta hela haraka, kama dira za vilula au pampu inayokula umeme kidogo, na hata hicho pigeni hesabu kwanza.

Mkikopa milioni 6 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, miezi 24, riba ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama 299,500 kila mwezi. Riba hiyo hiyo ya 18 ikikokotolewa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, rejesho linakuwa 340,000. Afisa mikopo atawatajia asilimia tu. Muulizeni, "Ni kwenye salio au kwenye mkopo wote?" na aandike. Sasa rudini kwenye ile hasara ya umeme, 261,800. Hata mkiziba uvujaji wote, akiba hiyo haifikii rejesho. Pengo lijazwe na maji ya ziada yatakayouzwa kiangazi, na rejesho linadaiwa hata mwezi wa mvua. Kama chombo hakina akiba ya kulipa miezi minne bila kuuza, msikope.

Watu wananiuliza pia kuhusu hatifungani, yaani kukopa kwa kuwauzia wawekezaji hati zenye riba, kwa sababu mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Ni jambo zuri, na mamlaka za mijini huku kwetu zinaweza kujifunza. Kijiji hakina mapato ya kubeba njia hiyo.

Kununua na kulaza

Ombeni nukuu tatu zenye maelezo yale yale: kipenyo, daraja la mgandamizo, urefu, viungio, usafiri mpaka kijijini, na VAT ikiwa ndani. Kila mteremko wa mita 10 unaongeza mgandamizo wa baa moja. Kitongoji kilicho mita 90 chini ya tangi kinapata baa 9, na bomba la PN10, yaani la kubeba baa 10, hapo liko ukingoni. Chukueni PN16 au jengeni tangi dogo la kupunguza mgandamizo njiani. Kuna muuzaji aliwahi kuleta nukuu ya bei nafuu kuliko wote, na fundi wetu alipoisoma vizuri akakuta ni PN6. Maandishi hayo yamepigwa chapa kwenye bomba lenyewe kila baada ya mita moja, kwa hiyo siku ya kupokea mzigo someni kila roli la bomba kabla ya kusaini. Risiti iwe ya EFD. Hela ya serikali ikiingia, ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na RUWASA ndio wanaousimamia, basi kubalianeni mapema nani ananunua nini.

Mtaro uchimbwe Mei na Juni. Mvua zimekwisha, udongo bado laini, mavuno ya chakula yako nyumbani, na upuliziaji wa korosho haujashika kasi. Kina kiwe karibu mita moja ili jembe na trekta visifike. Bomba jeusi la HDPE linavumilia kukaa nje kwa muda, la PVC liwekeni kivulini. Kabla ya kufukia, jazeni maji, acheni usiku mzima yakiwa na mgandamizo, na asubuhi mpite kila kiungio kwa mkono. Fundi asilipwe fungu la mwisho kabla ya hapo.

Shilingi tatu za ndoo

Mwezi ule maji yanapoanza kutoka, kabla furaha haijapoa, itisheni mkutano wa bei. Tuseme pampu na mota mpya ni milioni 9 na inadumu miaka 8. Mnahitaji karibu 94,000 kila mwezi. Mkiuza uniti 820, ndizo ndoo 41,000, shilingi 3 za kila ndoo zinatoa 123,000, na ziada hiyo inafidia bei zinazopanda. Badiliko lolote la bei lipite kwa watumiaji na RUWASA, kamati isijipangie. Shilingi hizo tatu ziende akaunti ya pampu siku ile ile bili zinapokusanywa, na kwenye taarifa ya mwezi inayobandikwa ofisi ya kijiji ziwe na mstari wake, chini ya umeme, juu ya posho.